Muziki Haukatwi

Sogeeni karibu, wanangu, nyote wawili, msikae kila mtu na ukuta wake kama wapangaji waliogombea choo. Dada mtu, kaa hapa upande wa mkono wangu mzima, na wewe kitindamimba wangu, vuta hicho kiti mguuni pangu niuone vizuri huo mdomo uliovimba. Dirisha liacheni wazi. Vijana wako wanaojaribu magitaa huko uwanjani waache wapige tu, hata kama vioo vinatetemeka na chupa za dawa zinacheza mezani, maana nimeishi na makelele hayo tangu nikiwa na meno yote na hayawezi kuniua leo kuliko ugonjwa wenyewe. Nitapaza sauti kadiri nitakavyojaliwa, na itakaponiishia mtaniinamia. Sikilizeni vizuri, kwa sababu sina pumzi ya kurudia.

Juzi nilikuwa nimelala hapahapa nikasikia trekta likinguruma kule uwanjani, nikasikia mirunda ikivunjika mmoja baada ya mwingine, halafu nikasikia kilio ambacho mama hawezi kukikosea hata akiwa kaburini. Wewe dada mtu uliipitishia trekta mirunda ya uzio aliyoisimamisha mdogo wako, na wewe mdogo mtu ukamshukia dada yako na mpini wa nyundo mpaka ukampasua juu ya sikio, naye damu ikimchuruzika shingoni hakukubali kuanguka kabla hajakung'oa jino na kukuuma kidole hadi mfupani. Wafanyakazi walisimama wakatazama kama wako sinemani. Mliletwa hapa mnavuja damu nyote wawili, na bado mlikuwa mnarushiana matusi juu ya kitanda changu kuhusu nani atachukua uwanja nikifumba macho. Siogopi kufa, wanangu. Naogopa kwamba nitakapozikwa, udongo wangu hautakauka kabla mmoja wenu hajachimbiwa shimo pembeni yangu, na mwingine hajafungwa pingu.

Sasa nitazame, kitindamimba. Hiyo fulana uliyovaa, yenye maandishi mekundu kifuani, nisomee. Usione haya, soma. Ndiyo: Muziki haukatwi. Umeyachapisha hayo maneno kwenye fulana, kwenye matangazo, na kwenye lile turubai la nyuma ya jukwaa, na watu wanaopenda roki wanatoka miji ya mbali kuja kuyapigia kelele, na wewe unajigamba kwamba ni maneno ya baba yako. Ni kweli yalitoka kinywani mwake. Lakini hukuwahi kujiuliza kwa nini baba yako kila mwaka kabla ya tamasha alikuwa anachukua ndoo ya chokaa na kuyafuta kwenye ukuta wa kibanda cha jenereta, na kila mwaka mashabiki wakayaandika upya. Aliniomba nisiwaambie yeye akiwa hai, nami nilimheshimu. Baba yenu ameshakwenda, na mimi nipo njiani kumfuata, kwa hiyo leo nayasema yote.

Tamasha hili lilianza kama mzaha. Uwanja ulikuwa malisho ya ng'ombe wa babu yenu, pale chini ya machimbo ya mawe, na baba yenu alikuwa kijana asiye na mbele wala nyuma, mwenye nywele ndefu zilizomfanya babu yenu amwite “binti yangu” mbele za wageni. Watu walimwita Radi kwa jinsi alivyozitandika dramu. Mdogo wake, baba yenu mdogo huyu mnayemwona akichechemea, ndiye aliyekuwa na akili za mipango: alimbembeleza dereva wa lori la machimbo alete lori liwe jukwaa, akakodi spika kutoka kwenye ukumbi wa sinema uliofilisika, akaja karakana ya machimbo kutafuta mtu wa kuwasha jenereta. Mtu huyo alikuwa mimi. Nilikuwa nimepaka grisi hadi kwenye nyusi, nikamwambia sipendi kelele zao, akaniambia hata wao hawajui kupiga, basi tukacheka, nikaenda. Mwaka ule wa kwanza ng'ombe walivunja zizi wakakimbilia bondeni, watazamaji walikuwa wachache kuliko ng'ombe, na baba yenu alinitazama kutoka nyuma ya dramu zake kwa namna ambayo nilijua kabisa nimekwisha.

Mwaka uliofuata walikuja watu wengi hata nyasi hazikuonekana. Habari ilikuwa imeenea kwamba kuna mahali mtu anaweza kupiga kelele siku nzima na asikemewe na mtu, na vijana wa viwandani, wa machimboni, na wale wa pikipiki za kunguruma wakamiminika tangu asubuhi. Ilikuwa mchana wa jua kali, kwa kuwa wakati huo hatukuwa na taa na kila kitu kilifanyika kabla jua halijazama. Katikati ya wimbo, pale ambapo gitaa linapanda na watu wote wameruka juu, jenereta likakohoa likazima. Dizeli ilikuwa imekwisha, maana yule dereva wa lori alikuwa ameinyonya asubuhi kwa mpira akawauzia wengine, masikini, akidhani haitapungua sana. Kimya kikaanguka. Kwanza walizomea, kisha ikaja chupa ya kwanza, ikampata mpiga gitaa juu ya jicho, halafu wa pikipiki wakaona wa viwandani wanawacheka, na hapo ikawa patashika nguo kuchanika. Watu walipigana kwa minyororo, kwa mawe ya machimbo, kwa miguu ya spika. Nilimwona mtu akitafuta sikio lake kwenye nyasi. Mtu mmoja akapiga ukelele kwamba dereva ndiye mwizi wa mafuta, wakamchomoa kwenye lori kupitia dirishani, vioo vikimchana tumbo, wakampiga mpaka uso wake ukawa hauna upande wa mbele. Baba yenu mdogo alikuwa rafiki yake wa kufa na kuzikana. Alimlalia juu ili apigwe yeye, wakamwondoa, na alipomrudia alimpakata kichwa mapajani akawa anamwambia amka, amka tuondoke. Lori lilichomwa moto likiwa na magitaa yote.

Hapo ndipo yalipozaliwa hayo maneno ya fulana yako. Tulipokaa baada ya maziko, baba yenu alisema kwamba umati ni mnyama, na muziki ndio mkono unaomshika shingoni, na siku ukiuondoa mkono huo atakutafuna. Kwa hiyo muziki haukatwi. Mvua ije, mtu azimie, ugomvi uzuke, mpiga gitaa akatikiwe nyuzi zote, mpiga dramu aendelee. Wote tulikubali, hata mimi, kwani tulikuwa tumetoka kumzika mtu ambaye mama yake hakuruhusiwa kumwona uso. Kwa miaka mingi sheria hiyo ilitusaidia. Ugomvi ulizuka, baba yenu akakaza mapigo, watu wakasahau ngumi wakarudi kurukaruka. Tulioana, nikamzaa kaka yenu, halafu nikakuzaa wewe dada mtu, na tamasha likakua likawa na jina, na magazeti yakaja.

Ndiyo, nimesema kaka yenu. Usinitolee macho. Ile picha iliyo kwenye sanduku langu, mnayodhani ni ya mjomba wenu akiwa mdogo, ni ya kaka yenu. Tulimwita Njiti kwa wembamba wake. Dada mtu, alikuwa anakubeba mgongoni akikimbia uwanja mzima huku akiiga sauti ya gitaa kwa mdomo, na wewe ulikuwa unamlamba sikio, ila ulikuwa mdogo mno huwezi kukumbuka. Kidevuni hakuwa na unywele hata mmoja lakini alikuwa ananyoa kila Jumapili, nasi tulikuwa tunamcheka mpaka anakasirika. Namkosa mpaka leo. Nimewazaa watatu, nimewalea wawili, na nimemkosa huyo mmoja kila asubuhi nilipoamka.

Basi ulifika mwaka wa uzio. Watu walikuwa wanaingia bure kutoka pande zote, baba yenu mdogo akasema tufunge uwanja, akauzungushia mabati marefu, akaacha lango moja tu upande wa barabara. Akaajiri mabaunsa, watu wenye shingo kama magunia, akawapa marungu. Halafu, kwa sababu hakusahau kamwe kile kichwa alichokipakata, akaifungia swichi kuu ya jenereta ndani ya kizimba cha nondo, akatia kufuli, ufunguo akauvaa shingoni, na siku ya tamasha akasimama yeye mwenyewe mlangoni pa kibanda cha jenereta akiwa ameshika nondo, ili asitokee mlevi wala mwizi wa kuzima muziki. Aliniambia, “Shemeji, wewe angalia injini tu. Mlango niachie mimi.” Niliona amepata akili. Ndivyo tulivyokuwa wote.

Alasiri hiyo waliobaki nje walikuwa wengi kuliko walioingia, wakachoka kusubiri, wakalisukuma lango mpaka bawaba zikang'oka. Waliingia kama gunia lililopasuka. Mabaunsa wakawapokea kwa marungu, wakiwavunja mikono na kuwapasua vichwa, na wale waliopigwa wakakimbilia mbele, wakawasukuma waliokuwa ndani, na hao nao wakasukumwa hadi kwenye mabati ya upande wa machimbo, mahali ambapo hapakuwa na mlango. Baba yenu alikuwa juu ya jukwaa nyuma ya dramu. Alichokiona kutoka kule ni mikono, maelfu ya mikono imeinuliwa juu, na midomo imefunguka. Alidhani wanashangilia. Akaongeza kasi.

Kibanda cha jenereta kilikuwa nje ya uzio, nami nilikuwa nimezunguka nyuma ya mabati ya upande wa machimbo kuchota maji ya injini. Nikaona bati limevimba kwa nje. Nikatazama chini, nikaona vidole vimetokea kati ya bati na ardhi, vingi, vinachimba udongo, na kwa jinsi muziki ulivyokuwa unapasua masikio sikusikia sauti hata moja ya mtu. Vidole vyenyewe vilikuwa vinalia. Nilitupa ndoo nikakimbia kibandani, nikamwambia baba yenu mdogo, “Zima! Watu wanakufa!”

Akasema, “Muziki haukatwi, shemeji.”

“Nimeviona vidole vyao! Nipe ufunguo!”

“Ukizima watauana wote. Umesahau walivyomfanya dereva?”

Nilitaka kumpita, akainua nondo akanipiga mkono huu wa kushoto, mfupa ukatokeza nje ya ngozi. Mlikuwa mnauliza kila siku mkono huu umepindaje, nami nikawaambia ulinaswa na mkanda wa injini. Hapana, wanangu, ni yeye, na alikuwa analia machozi wakati ananipiga. Nikamrukia nikamuuma paja, nikang'ata mpaka nikaonja damu yake, akanipiga tena mgongoni, nikapenya katikati ya miguu yake nikatambaa ndani. Swichi ilikuwa kwenye kizimba na ufunguo ulikuwa shingoni kwake. Basi nikavua koti langu kwa mkono mmoja na meno, nikalisukumia lote kwenye mdomo wa kuvutia hewa wa injini. Injini ile ilikuwa dizeli, na dizeli ikinyimwa hewa haina ujanja. Ililivuta lile koti, ikakoroma, ikatetemesha kibanda kizima, ikafa.

Kikawa kimya. Na ndani ya kimya hicho ndipo tukawasikia. Sitawaelezea sauti ile, maana nikiwaelezea hamtalala, na nyie mna maisha ya kuishi. Nasema tu kwamba mnyama wa baba yenu hakuja. Hakuna aliyezomea, hakuna aliyetupa chupa. Watu waliposikia vilio wakageuka, wakaacha kusukuma, mabaunsa wakatupa marungu, na baba yenu akaruka kutoka jukwaani akakimbilia mabati, akayang'oa kwa mikono mitupu mpaka kucha zikamtoka, na mamia ya watu wakayang'oa pamoja naye. Waliotolewa wakalazwa kwenye nyasi. Kaka yenu alikuwa mbele kabisa, amebanwa kwenye bati, mikono yake bado iko juu. Alikuwa umbali ambao baba yake angemtambua kwa uso kama angekuwa anatazama nyuso. Baba yenu alikuwa amempigia dramu mwanawe mpaka roho ikamtoka.

Msilie bado. Baba yenu hakulia. Alimlaza Njiti, akanyanyuka, akaenda kibandani, akachukua nondo ileile kutoka mkononi mwa mdogo wake, naye akampa bila ubishi, akaanza kumpiga. Alimvunja mguu hapa na hapa. Alimvunja mbavu. Mimi nilikuwa nimelala pale chini mkono umening'inia, na sikumwambia aache, kwa sababu nilitaka amuue, nilitaka kwa moyo wangu wote. Aliiinua nondo juu ya kichwa cha ndugu yake. Na kwa kuwa hapakuwa na muziki, akasikia ndugu yake akimwita, kwa kisauti, kwa lile jina walilokuwa wanaitana walipokuwa wanalala kitanda kimoja, ambalo hata mimi mkewe sikuwahi kulisikia. Kama dramu zingekuwa zinalia asingelisikia. Nondo ikamtoka mkononi.

Ndiyo maana baba yenu mdogo anachechemea, wala hakuanguka na pikipiki. Sasa hivi amekaa jikoni, nasikia anavyokohoa, anaogopa kuingia humu kama anavyoogopa kila mwaka tamasha likikaribia. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mwoga aliyeshika nondo, na mwoga wa aina hiyo anatisha kuliko jambazi. Nilichukua miaka mingi kabla sijampikia tena, na nilipompikia mara ya kwanza nilitia chumvi nyingi makusudi, akala yote akashukuru. Baada ya hapo nikamsamehe.

Mwaka uliofuata hatukutangaza chochote. Watu walikuja wenyewe, kina mama waliofiwa, vijana wenye magongo, wakakaa kwenye nyasi ambapo hapakuwa na uzio hata wa uzi, na baba yenu akatoka na dramu moja akapiga. Hivyo ndivyo tamasha lako lilivyoendelea kuwa hai, kitindamimba. Lakini wageni wasiojua waliyakuta yale maneno ukutani wakayapenda, kwa sababu yanasikika ya kiume.

Sasa wosia wangu, na kila mtu ashike lake.

Uwanja haugawanywi, hauuzwi, na haulimwi. Wewe dada mtu acha ndoto yako ya mahindi, maana ardhi ile imeshapandwa. Jukwaa, dramu za baba yako, na jina la tamasha ni vyako, kitindamimba. Una mkono wake na una wazimu wake, na nilipokusikia ukipiga nilifurahi hata siku ambazo nilikutukana. Jenereta, kibanda chake na swichi ni vya dada yako. Kizimba kile ukikate, dada mtu, una mashine ya kukatia, na wanaume wote wakae mbali na ule mlango. Kwa hiyo mmoja hawezi kupiga bila mwingine kuwasha, na mkitaka kuuana mtajua kwanza kwamba aliyebaki atabaki na nusu isiyofanya kazi. Uzio nimekataa. Hata kamba ya kuanikia nguo sitaki kuiona pale. Wale wenye kampuni waliokuletea mirunda, kitindamimba, waambie mama amekataa, na wakitaka kubishana waje wabishane na kaburi.

Na kila tamasha, katikati ya wimbo wa kwanza, pale wanaporuka juu, dada yako atazima. Hatakuambia ni lini. Wewe utainua fimbo zako za dramu, utaziweka begani, utatazama nyuso na siyo mikono, utasikiliza. Ukisikia salama, atawasha. Wakizomea, wazomee. Hiyo fulana ivue, nifunikwe nayo miguu, ndani nje.

Baba yenu mdogo asimame mbele siku ya kunizika. Akae na nyie mezani. Kwenye tamasha mpeni kiti karibu na kibanda. Akae, asisimame.

Mungu awalinde, wanangu. Awape watoto wagomvi kama nyie ili mjue nilichokiona. Awape na masikio. Mikono yenu... leteni. Huu. Na huu. Hivyo.

Pumzi imekuwa nzito. Kelele hizi... leo zinanifunika. Siwezi kujisikia mwenyewe. Dada mtu, nenda kazime.

Mbona umesimama mlangoni, kitindamimba? Wamebakiza kidogo wimbo uishe, najua. Najua. Na baba yako mdogo alisimama hivyohivyo. Mabega hayohayo. Tazama bandeji ya dada yako. Toka mlangoni. Mpishe.

Ndiyo. Mpishe.

Ah... Kimya. Nasikia maji jikoni. Nasikia viatu vya dada yako vinarudi... Nasikia unalia. Lia, baba. Hakuna aliyekanyagwa.

Nawasikia nyote wawili.

Msiwashe kwanza.